Chumvi ya Fainali

Wali wa hitima ya Zuhura haukuwa na chumvi. Nimekwenda hitima nyingi maishani, nyingine za watu niliowapenda na nyingine za watu niliotaka tu kuhakikisha kwamba wamekufa kweli, lakini sijapata kula wali wa namna ile. Nazi imekolea, nyama imeiva, na chumvi hakuna. Nani atasema? Chakula cha msiba hakitiwi ila. Wanawake tulijaa kwenye mikeka katika chumba cha Zuhura, pale Chikongola, na kila mmoja alimeza kimya huku akimtazama mwenziwe kwa pembeni. Mimi nilikwisha kuanza kujiuliza nani alikuwa jikoni na alikuwa na kisa gani na marehemu. Ndivyo nilivyo. Mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa akisema kwamba mimi nikipewa zawadi naigeuza kwanza nitazame chini yake. Nikiwa katika kuzichunguza nyuso hizo nikasikia mtu wa kulia kwangu anachekea puani. Alikuwa Fidea, mvi tupu, chale za kwao bado zinaonekana mashavuni, amekuja na basi la alfajiri kutoka Kitaya, kando ya Ruvuma, kwa msiba wa Zuhura. "Mwanahawa," akaninong'oneza, "unakumbuka?" Kama kwamba kuna siku niliwahi kusahau.

Niseme kwanza nilichokuwa nakijua, au nilichodhani nakijua mpaka adhuhuri ile. Mimi, Fidea na Zuhura tulicheza pamoja timu ya wasichana ya mpira wa kikapu, katika chuo cha ualimu hapa hapa Mtwara, miaka ile vita vya ng'ambo ya Ruvuma bado vinapiganwa. Mwaka tulioshinda mashindano ya vyuo, Fidea alikuwa hali chumvi. Sisi wenzake tulidhani ni dawa ya ushindi. Haikuwa dawa ya ushindi. Alikuwa na kaka yake, Agostino, yuko ng'ambo msituni na bunduki, na kwao mwanamume wa nyumba akiwa katika hatari, iwe mawindoni au vitani, mama yake na dada zake huacha chumvi na mafuta ya nywele mpaka arudi. Wao wakivunja mwiko, anayeumia ni yeye. Hayo tuliyajua baadaye sana, ng'ambo walipokwisha kupata uhuru wao, watu wakaanza kurudi na Agostino hakuonekana. Na siku ya fainali kuna mtu alitia chumvi katika chakula cha Fidea. Mtu huyo, kwa yakini yangu ya miaka hamsini na kitu, alikuwa Zuhura, huyo huyo ambaye nilikuwa nimekaa nakula wali wake.

Vijana wa leo hawawezi kuelewa mwaka ule ulivyokuwa. Tulikuwa tukilala wanne chumba kimoja, vitanda vya chuma, dirisha linatazama baharini na mchanga unaingia hata ukilifunga. Asubuhi tulipiga kwata ya mgambo kwa magongo ya mti, jioni tukaambiwa tusiache taa ikawaka dirisha likiwa wazi. Ndege za Mreno zilikwisha kuangusha mabomu vijijini kando ya mto. Kila mkutano tulihimizwa kufungua macho, mpelelezi anaweza kuwa yeyote, hata anayekuuzia korosho. Sasa mtu wa namna yangu ukimwambia afungue macho, umemwonyesha mbwa mfupa. Nilimuuliza kila mtu. Zuhura nilikuwa namjua, mtoto wa mjini, maneno yake yote yako nje kama nguo kwenye kamba. Fidea ndiye aliyenisumbua. Kiswahili chake kilikuwa na Kimakonde cha ng'ambo ndani yake, na alikuwa akijibu swali baada ya kulifikiria. "Kaka yako yuko wapi?" "Yuko mkonge, Lindi." "Shamba gani?" "La mkonge." "Mbona haji kukutazama, na Lindi ni hapo tu?" Akanitazama, akasema, "Mkonge una kazi nyingi, dada." Sikuridhika. Nilikuwa na shangazi yangu Lindi, nikapanga likizo nikaulize.

Mpira wa kikapu tulifundishwa na Mwalimu Lameck, kijana mrefu wa bara aliyeujifunza seminari. Sisi wasichana tulikuwa tumezoea netiboli, na mwanzoni kila tukipata mpira tulisimama nao kama mtu aliyepewa mtoto wa mwenziwe. Uwanja ulikuwa wa saruji, umepasuka katikati, na ringi ya upande wa bahari ilikuwa imeinama kidogo kwa sababu wavulana walikuwa wakining'inia. Wageni walipoiona walicheka. Sisi tulikwisha kujua kwamba ukiupiga mpira kwenye kona ya kushoto ya ubao, ringi ile inaupokea. Hatukuwa timu nzuri, na nasema hivyo ingawa kombe liko hadi leo kwenye kabati la chuo. Zuhura, nahodha wetu, alikuwa mzuri. Fidea alikuwa na mikono mirefu na pumzi. Waliobaki tulikuwa tunakimbia tu.

Mashindano yakaletwa kwetu wakati wa likizo, na mechi ya kwanza tukashinda kwa sababu lori la wapinzani lilivunja springi njiani. Walifika wamelala porini, wamevimba miguu, wakaomba wapumzike hadi kesho yake, na waamuzi wakakataa. Mechi ya pili upepo wa kusi ulivuma alasiri nzima. Wenzetu kila wakipewa mtupo wa adhabu mpira unapeperuka, tukibadilishana pande upepo nao unatulia. Mwalimu Lameck alifurahi, akasema, "Wasichana, tumepata bahati." Neno lile likatukaa vibaya. Kule bara kwake labda bahati inaokotwa njiani. Huku kwetu kila kitu kina mwenyewe: mnazi una mwenyewe, jini lina mwenyewe, hata ugonjwa una aliyeutuma. Iweje bahati peke yake isiwe na mwenyewe? Ikiwa upepo umetulia kwa ajili yetu, kuna mtu kauambia utulie. Nikaanza kutazama ni nani.

Sikutazama muda mrefu. Mpishi wa chuo alikuwa likizoni, kwa hiyo tulijipikia wenyewe kwa zamu katika jiko la nyuma ya bweni: ugali wa muhogo, kunde, dagaa, na ming'oko, mizizi ya porini, iliyochemshwa, maana zilikuwa ndizo nyakati zake. Kila siku, kabla ya chumvi kutiwa, Fidea alikuja na kisufuria chake akateka sehemu yake. Ming'oko bila chumvi na pilipili ni kama kutafuna kamba, lakini yeye akaila kimya na kumaliza. Nywele zake zilikuwa kavu, hazijui mafuta. Nikamuuliza, akasema tumbo. Nikawaeleza wenzangu nilichokiona. Baada ya mechi ya pili hakuna aliyehitaji kuelezwa tena. Msichana wa kutoka mtoni, anakotoka kila mganga mwenye jina, ameacha chumvi siku mashindano yalipoanza, na tangu hapo hatujafungwa. Wala haikuwa kweli kwamba aliacha siku hiyo. Alikuwa ameacha zamani, ila huko nyuma tulikula bwaloni na hakuna aliyekuwa akimtazama.

Ungetegemea tumwogope. Tulimwogopa siku moja. Siku ya pili msichana mmoja akateka sehemu yake kabla ya chumvi, siku ya tatu wakawa karibu timu nzima, na mimi mmoja wao, maana nilisema moyoni kwamba kama kuna kitu kinagawiwa nisikikose. Fidea alipoona vile visufuria vimepangwa aliweka mkono mdomoni, akasema taratibu, "Jamani, nyinyi kuleni chumvi. Hii ni yangu mimi." Hilo likatuthibitishia. Nani mwenye dawa atataka kuigawa? Basi fikiria watu wanaokimbia juu ya saruji ya Mtwara, jua linawaka, jasho linawatoka, na chumvi hawali. Nusu fainali misuli ilitukaza mmoja baada ya mwingine. Mimi nililala chini kwa maumivu ya mguu, mwingine akashikwa mgongoni. Mwalimu Lameck anazunguka kama kuku aliyepoteza vifaranga, anauliza tumekula nini. Zuhura peke yake, aliyekataa upuuzi wetu, alikimbia toka mwanzo hadi mwisho. Na tukashinda. Mchezaji bora wa wenzetu alitolewa kwa makosa ya kugonga watu, na waliokuwa wakigongwa walikuwa sisi tulioanguka wenyewe.

Jioni ile Zuhura aliwaka. Alisimama mlangoni mwa chumba chetu ameshika kiuno. "Nyinyi mtakuwa walimu," akasema. "Mtafundisha watoto wa watu. Mwezi mzima nawaamsha alfajiri mkimbie, leo mnasema mmeshinda kwa kunyimwa chumvi."

"Hatukunyimwa, tumeacha," nikasema.

"Wewe Mwanahawa ndiye uliyeanzisha. Macho yako hayo yatakuja kuona mpaka kisichokuwepo." Halafu akamgeukia Fidea, aliyekuwa amekaa kitandani mwake anashona soksi. "Na wewe utawaambia lini kwamba huna dawa?"

"Nimewaambia."

"Basi kula chumvi mbele yao, yaishe."

"Siwezi, nahodha."

"Huwezi au hutaki?"

Fidea akakata uzi kwa meno. "Siwezi," akasema tena. Na Zuhura, mbele yetu sote, akatamka maneno niliyoyashika miaka yote: "Iko siku nitakutilia mwenyewe."

Hayakuwa maneno ya hasira tu. Chuo kilichofungwa nusu fainali kilikwisha kupeleka malalamiko kwamba tunacheza kwa uganga, na mkuu wetu wa chuo alimwita Mwalimu Lameck akamwambia akisikia neno hilo mara nyingine ataitoa timu, na huyo msichana wa ng'ambo atarudi kwao. Wengine tungerudi Mikindani au Newala tukalima. Fidea angerudi kwenye mahandaki ya mabomu. Kwa hiyo asubuhi ya fainali, mtu mwenye akili alikuwa na kila sababu ya kutaka chumvi ile iliwe.

Asubuhi hiyo hiyo akaja mjomba wake. Niliwaona getini: mzee amechoka, miguu ina vumbi hadi magotini, kaleta furushi la ming'oko limefungwa kwa majani. Hawakuzungumza sana. Fidea alipiga goti akalipokea furushi, mjomba akamwekea mkono kichwani, akaondoka bila kunywa hata maji. Alipokuja nalo nilimuuliza, "Mjomba kaleta habari gani?"

"Njema. Anasema nyumbani sasa wanakula vizuri."

Sauti yake ilikuwa ya kawaida. Sikuridhika nayo. Alipokwenda kuoga nililifungua furushi nikalinusa na kulikung'uta, nikitafuta kikaratasi cha dawa au hirizi. Ming'oko tupu. Nikalifunga tena, na nikageuka nikamkuta yuko mlangoni, ndoo mkononi. Adhuhuri nikapita jikoni. Zuhura alikuwa amesimama karibu na moto, kisufuria cha Fidea kiko mafigani, na yeye ameshika kopo la chumvi. "Unafanya nini?" nikamuuliza. "Napika," akasema, na akasogea hivi, mwili wake ukauziba mlango nisione ndani.

Tulipokaa kula sikuvumilia. Nilichovya kidole katika sahani ya Fidea nikaonja, na chumvi ilikuwamo, nyingi. "Wametia chumvi," nikasema. Wasichana wakashikana mikono, mmoja akaanza kulia kwamba tumekwisha. Zuhura akasema, "Nimetia mimi. Nani ana la kusema?" Wote tukamtazama Fidea, tukingoja aimwage ile sahani. Hakuimwaga. Alikula tonge baada ya tonge, polepole, machozi yanamtiririka na hayafuti, mpaka akaramba vidole. Sijapata kumwona mtu akila namna ile. Nikasema moyoni, huyu Zuhura Mungu atamlipa.

Fainali tulicheza na wasichana wa Dar es Salaam, viatu vya raba vya namna moja, na wana wimbo wao wa kuingilia uwanjani. Walituzidi kwa kila kitu. Ila Fidea alicheza siku ile kama mtu anayebomoa nyumba. Hakutabasamu, hakuita mpira, na bado kila mpira wa Zuhura ulikwenda kwake. Hata alipokuwa amezungukwa, hata nilipokuwa mimi niko wazi chini ya ringi napunga mikono, Zuhura alimpa Fidea. Nikaliandika na hilo katika moyo wangu: mwenye hatia anajipendekeza. Filimbi ya mwisho ilikuwa karibu, tuko nyuma kwa pointi moja, Fidea akaupokea mpira mbali, karibu na ile saruji iliyopasuka, akautupa. Uligonga ubao, tena si kwenye kona yetu, ukagonga ringi, ukaruka juu, ukaja kukaa pale kwenye ule ukingo ulioinama. Ulikaa. Kisha ukaingia. Sote tuliruka na kuanguka juu ya Mwalimu Lameck, na nilipoinua kichwa nikamwona Fidea yuko mbali, anatembea kuelekea bwenini. Alikuwa amegeuka mara tu alipoutupa, hakungoja kuona. Na aliyemfuata mbio, akaacha kombe na nyimbo na kila kitu, alikuwa Zuhura. Nikasema, anakwenda kuomba radhi, na asisamehewe.

Ng'ambo walipopata uhuru, habari ya mwiko ikatufikia kwa watu wa Kitaya, nami nikaweka mambo yote mahali pake. Kaka amekufa, chumvi ilitiwa, aliyeitia anajulikana. Mimi na Zuhura tuliishi mji huu mmoja, tukafundisha shule jirani, tukaozeshana watoto. Nilikwenda kwenye shughuli zake zote, na sikupata kula chakula cha nyumbani kwake. Nilikuwa nasema nimefunga, au nimekwisha kula. Alikuwa anacheka tu, anasema, "Mwanahawa na saumu zake." Huo wali usio na chumvi ndio uliokuwa tonge langu la kwanza katika nyumba ile.

"Nakumbuka," nikamjibu Fidea. "Na leo nitasema, maana mwenyewe hayupo tena na wewe una haki yako. Yule alikuulia kaka yako." Sikunong'ona vizuri, mwanamke wa mbele yetu akageuza kichwa.

Fidea aliacha kula. Alinitazama kwa muda, kama zamani, analifikiria neno kabla ya kulijibu. "Mwanahawa, chumvi nilitia mimi," akasema.

"Nilimwona na kopo."

"Alinishikia. Nilipokwisha kuchota nikakusikia unakuja, nikajificha nyuma ya mlango. Mjomba alikuja kuniambia mama ameanza kula chumvi. Kwetu hilo halielezwi zaidi. Mama hali chumvi mpaka mtoto arudi, au mpaka hakuna tena wa kumlinda." Akaokota punje ya wali iliyoanguka kwenye khanga yake. "Ningesema, wangenitoa nikakae matanga, au wangeuliza kaka alikufa wapi, na hilo lilikuwa halisemwi. Nilitaka kucheza. Nikamwambia Zuhura peke yake. Akasema, basi kula, na wakiuliza nitasema mimi. Wewe cheza, mipira yote nitakupa wewe."

Chumbani walikuwa wameanza dua, nami midomo ilikuwa inaitikia amina na akili haipo. Nilikuwa nahesabu upya. Mwiko ulikuwa umekwisha kuondolewa kabla ya fainali, hapakuwa na dawa, hapakuwa na mtu aliyeuombea mpira ule. Ulikaa ukingoni pale peke yake na ukaingia peke yake, hauna mwenyewe, na aliyeutupa hakuutaka hata kuutazama. Na mimi nilikuwa nimeutafutia mwenyewe miaka yote.

"Mbona hamkuniambia mimi?" nikamuuliza.

"Wewe?" Hakuwa na hasira, ilikuwa kama anashangaa naulizaje. "Ulitaka kujua shamba la mkonge. Ulifungua furushi la mjomba wangu, nikakukuta. Sisi tulidhani wewe ndiye uliyewekwa chuoni kutusikiliza, Mwanahawa. Tulikuwa tunakuogopa."

"Na baadaye? Nyakati zile zilipopita?"

"Baadaye nilitaka kukwambia. Zuhura akasema, ngoja aulize. Mwanahawa anauliza kila kitu, iko siku atauliza na hili." Akaisogeza sahani yake. "Kila nikija mjini nilikuwa namuuliza, Mwanahawa kauliza? Ananiambia bado, bado ana saumu."

Binti wa Zuhura alikuwa amezinduka kwamba wali hauna chumvi, anapita kati yetu na kibakuli cha chumvi, anaomba radhi kwa kila mtu, akili haikuwepo jikoni, mama zangu mnisamehe. Alipofika kwetu Fidea alichota kidogo kwa ncha za vidole, akanyunyiza kwenye sahani yangu kwanza, ndipo akatia kwenye yake. Nikala wali wa Zuhura wote, sikuuonja kwanza.